Waya Gani kwa Mti Gani

Kila anayeniletea mkwaju au mkuyu wake wa chunguni hapa kitaluni Tanga huuliza: ninunue waya gani? Nami humuuliza kwanza mti wake unanenepa upesi kiasi gani. Jibu la swali hilo ndilo linalochagua waya, kuliko bei na kuliko rangi.

Bonsai, sanaa iliyoanzia China na kukomaa Japani, inataka mti mdogo wa chunguni uwe na umbo la mti mkongwe wa porini. Tawi changa hukimbilia juu kwenye mwanga. La mti mzee limeinama kwa uzito wake. Ndipo waya unapoingia: unazungushwa kwenye tawi, vyote viwili vinapindwa pamoja, na tawi linakaa hivyo mpaka lizoee. Wachina wa Yangzhou walifanya kazi hiyo kwa nyuzi za miti ya jamii ya mitende. Siku hizi ni alumini au shaba.

Kwa miti yetu mingi ya pwani nachagua alumini. Ni laini, inapinda kwa vidole, na ukikosea unaifungua bila kuchubua gome. Mkuyu una gome jembamba, na masika yakianza matawi yake hujaa haraka mno. Waya wake utaufunga na kuufungua mara kwa mara. Ile alumini inayouzwa kwa ajili ya bonsai hupakwa rangi ya kahawia au nyeusi ili isimetemete juani.

Unene wake uwe kama theluthi ya unene wa tawi pale linapoanzia. Tawi la milimita 9 litataka waya wa milimita 3. Usipokuwa na kipimo, shika kipande cha waya, acha kama kiganja kimoja kitokeze, usukume tawi kwa ncha yake. Tawi likisogea kabla waya haujapinda, huo unafaa. Waya ukipinda wa kwanza, tafuta mnene zaidi.

Shaba ni ngumu kuliko alumini, kwa hiyo mwembamba wake unatosha. Wajapani huitumia sana kwa misonobari, ambayo matawi yake hayana haraka ya kuzoea. Mimi naiweka kwenye mvinje, ambao mbao yake ni ngumu na hupenda kurudi ulikotoka. Shaba naipata kwa mafundi umeme, vile vipande vinavyobaki wakimaliza nyumba. Hapa wengi huchanganyikiwa: ile 2.5 iliyoandikwa kwenye waya wa nyumba ni eneo la mkato wake kwa milimita za mraba. Unene wa waya wenyewe, ukiwa wa uzi mmoja, ni karibu milimita 1.8. Wa 1.5 una kama milimita 1.4.

Menya plastiki kwa kisu. Usiichome, moshi wake ni sumu. Kisha laza shaba tupu kwenye makaa mpaka iive wekundu hafifu, uitoe, uiache ipoe. Itakuwa laini ajabu. Lakini kila unapoipinda inakaza, basi amua umbo kabla hujaanza na usiipeleke mbele na nyuma.

Waya wa kufungia nondo usiuzungushe kwenye tawi kamwe. Unashika kutu, na kwa hewa hii ya chumvi hauchukui muda kuchafua gome. Kazi yake nzuri ni kuvuta tawi nene lisilokubali kupindwa: chini ya waya unaweka kipande cha tyubu ya baiskeli, ncha ya pili unaifunga kwenye chungu.

Waya wowote ule, anzia shinani, uzungushe kwa mshazari wa nyuzi 45, ugusane na gome bila kulikaba. Waya mmoja ukihudumia matawi mawili ya unene sawa, kila tawi linakuwa nanga ya mwenzake.

Msimu wa mvua kagua kila wiki. Mkuyu unaweza kuanza kuumeza waya ndani ya wiki nne hadi sita. Ukiona gome limetuna pande mbili za waya, utoe siku hiyo hiyo, hata kama tawi halijazoea. Ukate kwa plaizi mzunguko mmoja mmoja, hasa wa shaba. Ukiufungua kwa kuuzungusha utavunja vichipukizi. Tawi likiinuka tena, lipumzishe, kisha lifunge upya, waya ukipita mahali tofauti na pale pa kwanza.