Hewa ya Juu Ivimbapo Mchana na Kunywea Usiku

Mtu akaaye pwani huona maji yakijaa na kupwa kila siku, wala hastaajabu. Lakini ni wachache wajuao ya kuwa hewa iliyo juu mno vichwani mwetu nayo ina kujaa na kupwa kwake, na ya kwamba mambo hayo yalipimwa kwa vyombo vilivyorushwa kutoka Ngomeni, kaskazini ya Malindi.

Hewa tuivutayo ni mchanganyiko wa gesi, hasa naitrojeni na oksijeni, nazo huchanganyika hata kufika urefu wa yapata maili 60. Kupita hapo hewa ni nyembamba sana, na gesi hujitenga kwa uzito wake, nzito chini na nyepesi juu. Oksijeni ya huko imevunjwa na jua hata kila chembe ikawa peke yake. Juu yake huzidi heliamu, na juu kabisa haidrojeni, iliyo nyepesi kupita zote.

Jua lichomozapo, mionzi yake mikali, ile isiyoonekana kwa macho, huzipiga gesi hizo na kuzitia joto. Kitu kipatacho joto huvimba. Basi hewa huinuka, na mahali palipokuwa karibu patupu usiku hupata hewa zaidi. Kilele chake si adhuhuri, kama wengi wangedhani, bali saa nane au saa tisa mchana, maana joto hukawia kukusanyika. Hupungua kabisa karibu na alfajiri. Katika urefu wa maili 300 hewa ya alasiri yaweza kuwa nzito mara kadhaa kuliko ya alfajiri. Joto lenyewe laweza kupita digrii 1,000 za sentigredi, walakini halingemwunguza mtu, kwa kuwa chembe za kumgusa ni chache mno.

Je, mambo hayo yalipimwaje? Katika miaka ya 1960 Wataliani, wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio, walisimamisha majukwaa ya chuma baharini Ngomeni. Tarehe 26 Aprili 1967 roketi iliondoka hapo ikichukua setilaiti, yaani mwezi mdogo uliofanywa na watu, jina lake San Marco 2. Nyingine zilifuata mwaka 1971 na 1974. Ndani yake mlikuwa na mizani ya ajabu: ganda jepesi nje, mwili mzito ndani, vimeungwa kwa mikono yenye kunepa. Hewa ilipolisukuma ganda, mwili ule mzito haukufuata upesi, na tofauti hiyo ndogo ikapimwa. Pwani yetu ilifaa sana, kwa kuwa chombo kizungukacho juu ya ikweta hakiendi kaskazini wala kusini. Hupita katika mchana na usiku tu, mara nyingi kwa siku moja, hata badiliko la saa likajulikana mbali na badiliko la mahali.

Majira nayo yana nguvu zake. Hewa ya juu huwa nzito zaidi karibu na Aprili na Oktoba, hupungua Januari, na hupungua zaidi Julai. Heliamu ina tabia yake yenyewe: huchukuliwa na pepo za huko juu ikakusanyika upande wa dunia ulio katika baridi, Julai kusini na Januari kaskazini.

Wako watakaouliza faida yake. Hewa hiyo, ijapokuwa nyembamba, huvikwaza vyombo vizungukavyo dunia na kuvishusha. Jua lilipochafuka kuliko ilivyotazamiwa, hewa ilivimba, na Skylab, nyumba ya Wamarekani ya angani, ilianguka tarehe 11 Julai 1979, vipande vyake vikafika Australia ya magharibi. Februari 2022 setilaiti 49 zilirushwa pamoja kutoka Marekani. Zilikuwa zingali chini, yapata maili 130 juu, zikingoja kupandishwa, ndipo tufani ya jua ikaivimbisha hewa. Na karibu 40 zilirudi zikaungua.