Utarajali katika Mashamba ya Mshikamano ya Ujerumani

Kilimo cha mshikamano ni mpango ambao wakazi wa mji na mkulima wa jirani hukubaliana, kabla ya msimu kuanza, kwamba wakazi watagharimia shamba zima kwa mwaka, kisha mavuno yote, yawe mengi au haba, yatagawanywa miongoni mwao. Kwa hiyo kinacholipiwa si kilo ya karoti wala fungu la spinachi, bali kazi ya mkulima, mbegu, mashine na matunzo ya ardhi yenyewe. Nchini Ujerumani, ambako mashamba ya namna hii yana mtandao wa kitaifa tangu mwaka 2011, mengi hupokea wanafunzi wa utarajali, yaani mafunzo ya kazi ambayo mwanafunzi huyapata kabla ya kuhitimu. Mwanafunzi wa kilimo anayetoka Morogoro au Njoro atajifunza huko jambo ambalo mihadhara huligusa kwa mbali tu, nalo ni nani anayebeba hasara pale mazao yanapoharibika.

Mpango huu ulikua kwa kupokezana kati ya mabara. Japani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kina mama waliotishwa na sumu za viwanda na za dawa za mashambani waliingia mapatano ya moja kwa moja na wakulima, utaratibu ulioitwa teikei, na mwaka 1978 wakazi wa Geneva, Uswisi, wakaanzisha ushirika wa mboga wa Les Jardins de Cocagne. Trauger Groh, aliyekuwa mkulima wa shamba la Buschberghof karibu na Hamburg, alihamia Marekani na kushiriki kuanzisha shamba la jamii la Temple-Wilton, New Hampshire, mwaka 1986. Miaka miwili baadaye Buschberghof lenyewe likawa shamba la kwanza la mshikamano nchini Ujerumani.

Mhimili wa mashamba mengi ya Ujerumani ni mkutano wa mwaka wa wanachama, ambamo mkulima huwasomea bajeti nzima, pamoja na mshahara wake mwenyewe, na kila mmoja huandika kwa siri kiasi anachoweza kuchangia kila mwezi. Tuseme shamba linahitaji yuro 120,000 kwa mwaka na lina wanachama 100: wastani ni yuro 100 kwa mwezi, lakini mstaafu anaweza kuahidi 60 na mwenye mshahara mnono akaahidi 140, na wote wawili wakapata fungu lilelile la mboga. Jumla ya ahadi ikipungua, duru hurudiwa mpaka pengo lizibwe. Utaratibu huu unastahili heshima kubwa, kwa kuwa unamwondolea mkulima hofu ya bei ya soko bila kumfungia mlango mtu wa kipato kidogo.

Kwa bahati mbaya, wanafunzi wengi wanaotoka ng'ambo hufika katika miezi ya kiangazi, wakati ambapo kazi ni kupandikiza, kupalilia, kugeuza mboji, kuvuna alfajiri na kupanga mafungu katika kreti zinazopelekwa kwenye vituo vya kugawia mjini. Kazi hizo hazidharauliki hata kidogo, maana mikono hujifunza shambani, lakini mwanafunzi wa kiangazi huondoka akiwa ameona mboga tu na hajaona mapatano yaliyozizalisha, ambayo kwa kawaida hufanywa mwishoni mwa majira ya baridi. Afadhali chuo kimpeleke mapema, akae katika mkutano wa bajeti, kisha abaki mpaka mavuno ya viazi na kabichi.

Mji wa Berlin nao unatoa somo la pili, la kilimo cha ndani ya mji. Mwaka 2009 kiwanja kilichokuwa kitupu kwa miongo mingi katika eneo la Moritzplatz kiligeuzwa kuwa bustani ya Prinzessinnengärten, ambamo mimea ilioteshwa ndani ya kreti na magunia yanayohamishika, kwa sababu ardhi ilikuwa ya kukodi. Katika uwanja wa zamani wa ndege wa Tempelhof, uliofungwa mwaka 2008, wakazi wanalima katika matuta yaliyoinuliwa ndani ya masanduku ya mbao, na kura ya wakazi ya mwaka 2014 iliuzuia uwanja huo usijengwe nyumba.

Mwanafunzi asiondoke kwao bila mkataba wa maandishi unaotaja saa za kazi, malazi, bima ya afya na jina la mtu atakayemfundisha. Sheria ya kima cha chini cha mshahara ya Ujerumani, iliyoanza kutumika mwaka 2015, haiwahusu wanafunzi ambao utarajali wao ni sharti la masomo. Hivyo mwenye shamba anaweza kihalali kuwapa posho tu, na pasipo mafunzo ya kweli mwanafunzi hugeuka kibarua wa bei nafuu.

Atakaporejea, mwanafunzi atakuta mazingira tofauti. Katika mabonde ya Dar es Salaam mchicha huvunwa takribani wiki tatu hadi nne baada ya kusiwa, mkulima mara nyingi humuuzia mchuuzi tuta zima, na mafuriko ya Mto Msimbazi yakija hasara ni ya mkulima peke yake. Mchango wa mwaka mzima haungefaa kwa kaya zinazopata riziki siku kwa siku. Mchango wa mzunguko mmoja wa mchicha, unaolipwa kwa simu, ungewezekana, hasa kwa watu ambao tayari hukabidhiana fedha katika upatu na vikoba. Hesabu ya tuta moja, ikifanywa na mtu aliyeona bajeti ya shamba ikisomwa mbele ya walaji wake, itaonyesha ni kaya ngapi zinatosha kumlipa mkulima wa bondeni hata katika mwezi ambao maji yamechukua mboga zake zote.