Kutu ya Kahawa Yapanda Mlima Elgon



Mara nyingi katika kurasa hizi tunaandika juu ya mishahara, saa za kazi na likizo. Safari hii tunaandika juu ya majani ya mibuni. Wengine watauliza: hayo si mambo ya mkulima na bwana shamba? Sivyo. Mibuni ikiugua huko Mbale, mfanyakazi wa kinu cha kukoboa kahawa hukosa kazi kabla mwenye kinu hajakosa chakula.

Tuanze na kutu ya majani. Ni ugonjwa wa kuvu. Hutoa vumbi la rangi ya machungwa upande wa chini wa jani, kisha jani hudondoka, na mti usio na majani hauwezi kulisha matunda yake. Ugonjwa huu ni wa kwetu. Uliandikwa mara ya kwanza mwaka 1861, karibu na Ziwa Victoria, juu ya kahawa ya mwituni. Mwaka 1869 ulionekana Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, ukaangamiza kahawa hata wenye mashamba wakageukia chai.

Kuvu hii inataka vitu viwili: maji juu ya jani kwa saa kadhaa, na joto la kadiri, kama digrii 21 hadi 25. Penye baridi hukua polepole. Ndiyo sababu arabika ya Bugisu iliyopandwa juu mlimani ilipata nafuu. Baridi ilikuwa mlinzi wake. Sasa mlinzi huyo anarudi nyuma. Ukipanda mlima mita 100, hewa hupoa kwa kama digrii 0.6. Joto la dunia limekwisha kupanda kwa zaidi ya digrii 1 tangu karne ya 19. Piga hesabu mwenyewe: digrii 1 ikiongezeka, ni kama shamba limeshushwa mita 150 na zaidi, ingawa hakuna aliyeng'oa mti.

Ugonjwa wa pili ni chule buni, ulioonekana kwanza Kenya mwaka 1922. Huozesha matunda mabichi, nao hupenda baridi na mvua. Mtu atasema: basi joto litatuponya. Huenda likaupunguza katika mashamba ya chini, lakini huko chini ndiko kutu inakopata nguvu. Na huko juu, mvua zikivuruga msimu, mibuni huchanua mara nyingi badala ya mara moja. Shambani huwa na matunda ya kila umri, na ugonjwa haukosi chakula. Mchumaji naye anayelipwa kwa debe huzunguka kutwa nzima akitafuta matunda mekundu machache. Miguu ni ileile, jua ni lilelile, lakini debe halijai.

Ndugu wa Jinja wasidhani haya ni ya mlimani tu. Robusta yao huvumilia kutu, lakini wanaukumbuka ugonjwa wa kunyauka. Ulionekana Bundibugyo mwaka 1993, na katika miaka iliyofuata ukaua karibu nusu ya robusta ya Uganda. Huo hatuwezi kuusingizia hali ya hewa. Huenea kwa udongo, na kwa panga linalotoka mti mgonjwa kwenda kujeruhi mti mzima. Watafiti wa Kituza, Mukono, wametoa aina zinazouhimili, lakini panga chafu bado ni adui.

Sasa dawa. Dawa ya kutu iliyozoeleka ni ya shaba. Asili yake ni mashamba ya mizabibu ya Bordeaux, Ufaransa, ambako mwaka 1885 mchanganyiko wa mrututu na chokaa ulitangazwa kuwa kinga ya ubwiri wa mizabibu. Mizabibu nayo hushikwa na kuvu mvua na joto vikikutana. Basi popote duniani ugonjwa ukizidi, dawa hupulizwa mara nyingi zaidi. Na bomba liko mgongoni mwa nani? Mgongoni mwa mfanyakazi.

Tumewaona vijana wakipuliza dawa kwa mikono mitupu, kitambaa kimefungwa puani, kisha wanakula mihogo bila kunawa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Haisemi atoe akipenda.

Kwa hiyo, katika mazungumzo yajayo na waajiri, tudai haya:

1. Glavu, gambuti, miwani na barakoa vitolewe kabla ya bomba, na maji na sabuni viwe karibu.

2. Msimu matunda yakiwa machache, mchumaji awe na malipo ya siku yasiyoshuka chini ya kiwango kilichokubaliwa, hata debe lisipojaa.

3. Kila kikosi kifundishwe kutambua magonjwa na kusafisha panga kati ya mti na mti. Muda huo uhesabiwe kuwa ni kazi.

Hali ya hewa hatukuiharibu sisi tunaochuma kahawa. Hatuwezi kuipoza dunia kwa mkutano mmoja wa tawi. Lakini nani abebe hasara ya shamba, hilo huamuliwa mezani, na mezani tuna haki ya kukaa. Leteni habari za mashamba yenu kwa katibu wa tawi kabla msimu haujaanza. Kidole kimoja hakivunji chawa.