Miligramu Tano za Sumu ya Kombe

Saksitoksini ni sumu inayotengenezwa na aina fulani za mwani wa baharini usioonekana kwa macho. Kombe na chaza huuchuja mwani huo kama chakula, na sumu ikajilimbikiza nyamani mwao. Mlaji huanza kufa ganzi midomo, na ikizidi, misuli ya kupumulia hulegea; kupika hakuiondoi sumu hiyo. Maabara ya chuo ikitaka kuhakiki chaza waliookotwa kwenye mikoko ya Kibiti, kwa kawaida itahitaji kiasi kidogo cha sumu hiyohiyo, iliyo safi, ya kulinganishia. Lakini saksitoksini imo katika Jedwali la Kwanza la Mkataba wa Silaha za Kemikali, pamoja na sarini, na Tanzania iliuridhia mkataba huo mwaka 1998. Mtafiti wa afya ya mlaji anajikuta ndani ya sheria ya silaha. Kinachoitenganisha kazi yake na ya mwenye nia mbaya ni kumbukumbu: ameagiza kiasi gani, kwa kazi gani, kimetumika kiasi gani, na kilichobaki kiko kwa nani.

Wapo watakaosema kiasi chenyewe ni kidogo mno, na urasimu utaua utafiti. Hoja hiyo ina uzito, na mkataba wenyewe uliusikia. Awali kila usafirishaji wa kemikali za jedwali hilo kati ya nchi ulitakiwa kutangazwa siku 30 kabla, jambo lililochelewesha vipimo. Ndipo utaratibu ukalegezwa: saksitoksini isiyozidi miligramu 5, ikiwa ni ya tiba au uchunguzi, haingoji siku hizo. Hata hivyo taarifa bado hutolewa kufikia wakati wa kusafirisha. Nafuu imewekewa anayejitaja.

Kuhusu kemikali nyingine za maabara, wengine watasema Sheria ya Tanzania ya Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali, ni ya wenye viwanda. Lakini formalini ya kuhifadhia sampuli, inayopandishwa botini Nyamisati kuingia kwenye mikoko hiyo ya Kibiti, haipungui ukali kwa kubebwa na mwanafunzi. Chuo kisicho na fedha za kamera za ulinzi kinaweza kuwa na kabati lenye kufuli, mtu mmoja mwenye dhamana, na hesabu ya chupa kabla na baada ya safari. Mtafiti akihama, akabidhi kemikali zake kwa maandishi kabla ya kupewa barua ya kuondoka.