Ungamo la Mateso si Ushahidi

Msema pweke hakosi. Methali hii ilinijia nikiwa Edinburgh, Uskoti, katika kundi la wageni tulioongozwa kwa miguu kuonyeshwa mahali ambapo wanawake waliuawa karne zilizopita kwa tuhuma za uchawi.

Kiongozi wetu alitusimamisha Castlehill, karibu na ngome, penye kisima kidogo cha ukumbusho kilichojengwa ukutani mwaka 1894. Katika kilima hicho ndipo alipouawa Agnes Sampson mwaka 1591. Alikuwa mkunga na mganga. Alishtakiwa kwamba alizua tufani ili kuizamisha merikebu ya Mfalme James wa Sita, aliyekuwa akirejea kutoka Denmark na malkia wake. Mfalme mwenyewe alimhoji. Mama huyo alikana katakata. Akanyolewa, akakazwa kamba kichwani, akanyimwa usingizi. Hatimaye akakiri aliyotakiwa kuyakiri. Alinyongwa, kisha mwili wake ukateketezwa.

Sheria ya uchawi nchini humo ilidumu tangu 1563 hadi 1736. Watu wapatao 3,800 walishtakiwa, na zaidi ya wanane katika kila kumi walikuwa wanawake. Mnamo Machi 8, 2022, Nicola Sturgeon, Waziri Kiongozi wa Uskoti wakati huo, aliomba radhi rasmi. Hata hivyo, kibao cha kisima kile kinadai kuwa baadhi yao waliitumia elimu yao kwa uovu. Maneno hayo yaliniuma. Mtu huuawa mara moja, lakini jina lake huweza kuhukumiwa kila siku.

Ndugu msomaji, tusiwacheke Waskoti. Oktoba 2021, vikongwe wanne waliuawa na umati huko Marani, Kaunti ya Kisii, kwa tuhuma iyo hiyo. Kilifi nako wazee wameuawa, na mara nyingi chini ya tuhuma hulala ugomvi wa shamba. Kule alihukumu mfalme. Huku huhukumu umati. Ushahidi haukuwako kule, wala huku haupo.

Walimu wenzangu, tuwawekee wanafunzi kesi ya Agnes mezani. Waulize: nani aliona? Nani alinufaika? Ungamo lilipatikanaje? Kijana aliyezoea maswali hayo darasani hatashika kiberiti siku umati utakapobisha hodi kwa nyanya wa jirani.