Kijana anataka skii pana za theluji laini? Mzazi, tazama goti kabla ya bei

Msimu wa baridi ukianza kubisha hodi katika miji kama Denver na Salt Lake City, Marekani, mazungumzo ya mezani hubadilika katika familia nyingi zilizohamia huko kutoka Afrika Mashariki na Kongo. Mtoto aliyefika akiwa hajawahi kuigusa theluji, miaka michache baadaye anaomba skii. Tena si skii zozote, bali zile pana alizoziona kwenye video, zinazoelea juu ya theluji mpya kama mtumbwi majini.

Mzazi akiingia dukani anashika kiuno. Skii mpya za aina hiyo mara nyingi huvuka dola 600, na hapo buti na vibanio vya kushikilia buti bado. Akifungua simu anakuta za msimu uliopita zimepunguzwa bei, au za mitumba kwa robo ya fedha hiyo. Kijana anashangilia. Shida ni kwamba skii ya bei nafuu inayopendeza kwenye theluji laini inaweza kuwa mzigo kwa goti la mtoto huyo huyo siku mlima ukiwa mgumu. Na siku za mlima mgumu ni nyingi kuliko za theluji laini.

Upana unafanya nini

Geuza skii yoyote utaona namba tatu zimeandikwa, kwa mfano 138-110-128. Hizo ni milimita za upana wa mbele, katikati na nyuma. Namba ya kuangalia kwanza ni ya katikati, pale mguu unapokaa. Skii za njia zilizolainishwa kwa mashine huwa na kati ya 65 na 80 hivi. Za matumizi mchanganyiko huanzia 85 hadi 100. Zikivuka 105, hizo zimelengwa theluji laini, ile kavu inayofanana na unga wa ngano.

Kwenye unga huo skii nyembamba huzama kama kisigino cha kiatu kirefu kwenye mchanga wa pwani. Skii pana hugawa uzito wa mtu kwenye eneo kubwa, hivyo anaelea. Aidha, pua yake hupinda juu mapema ili isijichimbie chini. Mmarekani Shane McConkey alisaidia kuleta wazo hilo sokoni mwaka 2002, baada ya kujifunza kutoka kwa skii za majini. Mwanzoni wengi walicheka, lakini leo karibu kila kampuni inatengeneza skii zenye pua ya namna hiyo.

Ardhi moja, sura tano

Theluji mpya. Hapa skii pana ya bei nafuu haina aibu. Zilizo nafuu mara nyingi ni nyepesi na laini kupinda, na kwa kijana wa kilo 50 hiyo ni faida. Skii ngumu ya ghali imetengenezwa kwa ajili ya mtu mzito anayekwenda kasi, na mtoto mwepesi hawezi hata kuipinda.

Theluji iliyokatwakatwa. Kufika saa tano asubuhi, ule unga umeshapitiwa na mamia ya watu na kubaki mabonge. Hapa unafuu huanza kuonekana. Skii nyepesi husukumwa huku na huko na kila bonge, na miguu hufanya kazi ya kuirudisha kwenye mstari. Skii za bei ya juu mara nyingi huwa na bamba la aloi ndani linalotuliza mtikisiko. Dawa kwa kijana mwenye skii nafuu ni kupunguza mwendo.

Njia ngumu na barafu. Huu ndio mtihani mkubwa. Ili kugeuka, mtu huilaza skii ishike kwa makali yake ya chuma. Kwenye skii ya milimita 110, makali yako milimita 55 kutoka katikati ya mguu. Kwenye skii ya 80 yako milimita 40. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini kwenye barafu mguu na goti hulazimika kupambana na nguvu kubwa zaidi ya kuzungusha kila kona. Skii pana iliyochoka makali huteleza pembeni wakati mtoto anadhani imeshika.

Vichuguu. Ni vilima vidogo vya theluji vinavyotokana na watu wengi kugeukia mahali pale pale. Hapa kinachotakiwa ni kuhama upesi kutoka makali ya kushoto kwenda ya kulia. Skii pana huchelewa. Anayejifunza atachoka haraka, na kuchoka ndiko kunakoleta kuanguka vibaya.

Theluji chepechepe. Mwezi Machi na Aprili jua la mchana huilowesha theluji. Skii pana hurudi kuwa rafiki, kwa kuwa haizami. Lakini theluji nzito ikishika skii ghafla, mwili huendelea mbele huku mguu umebaki nyuma.

Goti ndilo hulipa

Katika majeraha ya mchezo huu, goti linaongoza, likichukua karibu theluthi moja. Linaloogopwa zaidi ni kukatika kwa kano ya ndani ya goti ambayo madaktari huiita ACL. Kijana akifanyiwa upasuaji, kurudi michezoni huchukua kwa kawaida miezi tisa au zaidi. Kwa familia, hiyo ni shule kukosekana, mzazi kuomba ruhusa kazini, na bili ambazo zitafanya ile nafuu ya dukani ionekane kichekesho.

Kinachosimama kati ya skii na mguu ni vibanio. Kazi yake ni kushika buti na kuiachia mtu anapoanguka. Vikikazwa mno haviachii, na mguu hupindwa pamoja na skii. Vikilegea, skii huchomoka mtu akiwa kwenye mwendo. Fundi hupanga ukazo kwa kuangalia uzito, urefu, umri, kiwango cha uzoefu na urefu wa soli ya buti. Mtoto wa mwaka jana si wa mwaka huu. Akiongezeka kilo tano na buti zikibadilika, vipimo vinatakiwa kurudiwa.

Hapa ndipo wazazi wengi hujikwaa. Wananunua skii za mitumba zenye vibanio vyake, mjomba anachukua bisibisi, anakaza kwa kukisia, safari inaanza. Kukisia kwa namna hiyo ni kucheza kamari na goti la mtoto.

Ukinunua za mitumba

Kabla ya kutoa fedha, kagua mambo manne.

Kwanza, vibanio. Kampuni hufikia mahali zikaacha kuunga mkono vibanio vya zamani, na duka lenye utaratibu hukataa kuvipima. Piga simu dukani utaje jina na toleo kabla ya kulipa. Uliza pia kama vinakubaliana na soli ya buti za mtoto, kwa sababu soli si za aina moja.

Pili, breki za vibanio, yaani vile vijiti viwili vinavyozuia skii kutoroka mlimani ikichomoka. Vikiwa vyembamba kuliko skii pana, vitagonga juu yake na havitashuka.

Tatu, makali na tumbo la skii. Pitisha jicho kutoka mbele hadi nyuma. Mikwaruzo midogo hurekebishwa. Makali yaliyopasuka au tabaka zilizoanza kuachana, acha hapo hapo.

Nne, buti. Plastiki huzeeka, na buti ya zamani inaweza kupasuka kwenye baridi kali. Kama fedha haitoshi kwa vyote, weka fedha kwenye buti inayomkaa sawasawa na fundi wa vibanio, kisha ubane kwenye skii.

Theluji nzito ina hatari yake

Skii pana humvuta kijana mahali ambapo zile nyembamba hazikumfikisha, yaani kwenye miti na nje ya mipaka ya kituo. Chini ya miti ya misonobari kuna mashimo ya theluji isiyoshikana. Mtu akitumbukia kichwa kwanza anaweza kukosa hewa huku marafiki wakimsubiri chini. Sheria ya nyumbani iwe moja: miti haiingiwi peke yako, na mwenzako awe machoni muda wote.

Nje ya mipaka kuna maporomoko ya theluji, ambayo kwa wastani huua zaidi ya watu 20 kila mwaka Marekani. Kwenda huko kunadai mafunzo, kifaa cha kutoa ishara, kijiti cha kupima na koleo, pamoja na kusoma taarifa ya siku hiyo ya kituo cha tahadhari cha jimbo. Kijana asiye na hivyo abaki ndani ya mipaka, hata skii zake zikiwa pana kiasi gani. Na helmeti haina mjadala.

Basi anunuliwe ipi?

Kwa mtoto mdogo wa shule ya msingi, skii pana ni fedha iliyopotea. Uzito wake ni mdogo, anaelea hata kwa skii za kawaida. Maduka mengi hukodisha seti kwa msimu mzima, na hiyo ndiyo njia ya akili kwa mtoto anayekua kila mwezi.

Kwa kijana anayeweza kuteremka njia za kati bila hofu, skii moja ya milimita 88 hadi 98, yenye pua iliyopinda na mgongo wa upinde katikati, itamtosha siku nyingi. Itaelea kiasi kwenye unga na kushika kiasi kwenye barafu. Ikianguka theluji kubwa, akodi zile pana kwa siku hiyo moja. Atafurahi, na goti lake litakuwa kwenye mlima mgumu siku chache zaidi likiwa salama.

Watoto wenye asili yetu hawana haja ya kujiona wageni kwenye milima hiyo. Sabrina Simader, aliyezaliwa Kenya na kukulia Austria, aliiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya PyeongChang mwaka 2018 katika mchezo huu huu. Kijana wako huenda hana ndoto ya medali. Anataka tu kuelea asubuhi moja juu ya theluji ambayo haijakanyagwa na mtu. Mpeleke kwa fundi kwanza, apimwe, vibanio vipangwe, ndipo mfunge safari.