Mashine ya TENS: Uliza Kabla ya Kulipa

Mama mjamzito, ukiingia duka la vifaa vya matibabu katikati ya jiji la Nairobi au kule Westlands, huenda ukauziwa mashine ya TENS ya maumivu ya viungo. Ya uzazi huwa na vibandiko vinne vya mgongoni na kitufe cha kuongeza nguvu uchungu unapopanda. Pasipo kitufe hicho, usinunue.

Ushahidi kwamba hupunguza uchungu ni hafifu, ingawa wapo akina mama wanaoisifu, hasa uchungu unapoanza wakiwa bado nyumbani. Usiitumie kabla ya wiki ya 37, wala bafuni. Mwenye kifafa au kifaa cha mapigo ya moyo amwone daktari kwanza. Ukivuja damu, bandua vibandiko, uende hospitalini mara moja.